Fimbo Imerefuka

Miaka kumi na moja nabeba mifuko ya watu
hapa Mangapwani, na jicho langu lilikuwa mali.
"Mcha, kutoka hapa mpaka bendera?"
Nakodoa, nalamba kidole, natoa jibu:
mia na arubaini na tatu, na upepo unadai kumi zake.
Bakhshishi ilikuja kwa mujibu wa jibu.

Siku hizi jicho wanalo wao mfukoni,
dogo kama pakiti ya sigara.
Wanalielekeza kwenye bendera, linalia ti,
nami naambiwa nishike mwavuli.
Si kama linakosea. Hilo ndilo linaloniuma.
Upepo tu haliujui,
na habari za upepo haziulizwi tena.

Fimbo ya kwanza niliyoishika aliichonga fundi Shaame:
kichwa cha mpera, kimekazwa kwa uzi wa mshipi,
mpini wa mwavuli uliokufa.
Ukikosea ulijua kabla mpira haujaondoka,
viganja vilikuwaka mpaka magharibi.
Ukipatia, husikii kitu,
kama yai linapoachana na ganda.

Hizi za sasa kichwa chake dafu, tupu ndani,
madini ya nchi za baridi.
Zinalia kweng! kama ndoo iliyotupwa kisimani,
na mpira uliopigwa ovyo unasamehewa,
unaondoka kama mtu aliyemwona anayemdai.

Nimemwona mzee wa miaka sabini, magoti mabovu,
akiupeleka hatua mia mbili na thelathini
na kucheka kama mtoto siku ya Idi.
Furaha ile siwezi kuikufuru.
Kwa fimbo ya Shaame asingevuka hata mchongoma.
(Shimoni alikosa, hatua mbili tu zimebaki.
Fimbo ya kutuliza mkono bado haijauzwa.)

Lakini mpira uendao mbali lazima ushukie mahali.

Zamani ulifia kwenye mawe, mbele ya kichaka.
Sasa unaruka ukuta, unaingia mihogoni kwa Bi Kazija.
Anaiokota pamoja na magugu.
Anayo pishi mbili na kibaba, kapima mwenyewe,
imelala kapuni, myeupe,
mayai ya kasa asiyerudi.

Basi wakaja vijana wa vipimo
na mashine yao ya miguu mitatu,
na vigingi vyenye utepe mwekundu.
Uwanja umekuwa mfupi, walimwambia sheha.
Shimo la saba lazima lirudi nyuma.
Nyuma ni kwa Bi Kazija.

Alikaa na kanga yake ya kazi, udongo kuchani,
akaisikiliza hesabu yote bila kukohoa. Kisha:
"Fimbo yenu imerefuka, mwanangu,
ndiyo shamba langu lifupike?"
Hakuna aliyejibu. Sheha akatafuta kalamu
aliyokuwa ameishika.

Ni mita arubaini tu, wakasema, mashine imeshapima.
Bi Kazija akanigeukia: "Mcha, wee miguu unayo."

Viatu nikavivua, maana nilipewa na uwanja
na sikutaka vitoe ushahidi.
Hatua yangu ni mita kamili,
nimeifunza miaka kumi na moja.
Nikahesabu kwa sauti, tuta kwa tuta,
kutoka ukutani mpaka kigingi cha mwisho
kilichosimama mlangoni mwa jiko lake:
hamsini na mbili.

Kijana akalenga kidude chake. Ti.
Akakitazama, akakifuta kwa shati, akalenga tena.
Namba hakuisoma kwa sauti.

Sijui mjini wataandika nini.
Alasiri nilimkuta anapanda, matuta yale yale,
kigingi kimoja kakigeuza mti wa kuchimbia,
utepe bado unaning'inia.
Nikampokeza vipande vya muhogo, kimoja kimoja.

Kweng, upande wa pili wa ukuta.
Tukainua vichwa pamoja
tukangoja uanguke.